"English!" mara saba pembeni mwa rasimu

Swali. Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili, shahada ya sayansi ya mazingira. Chuo kiko Dar es Salaam, ila sasa niko nyumbani Bagamoyo, mtaa wa Dunda, kwa likizo ya wiki 12. Form four nilipata B ya Kiingereza. Mihadhara naielewa na makala za kitaaluma nazisoma. Lakini rasimu ya andiko langu la utafiti, kuhusu kina mama wanaolima mwani Mlingotini, imerudi ikiwa na neno "English!" pembeni mara saba, bila maelezo yoyote. Nimeshauriwa nitazame filamu, nimeze kamusi, niende Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo nikaongee na watalii. Nimekuwekea hapa sentensi moja kati ya hizo saba. Nifanye nini, na je, wiki 12 zinatosha?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Nianze na hesabu, maana ndiyo inayowavunja wengi moyo baadaye. Cambridge, wanaotunga mitihani ya Kiingereza, hukadiria saa 500 hadi 600 za kusoma kwa mwongozo tangu mwanzo hadi ngazi ya B2 (juu ya wastani), na 700 hadi 800 hadi C1 (ngazi inayofuata, ya juu). Maelezo yako yanaonyesha uko B2: unaelewa, unasoma, unajieleza, ila kalamu inakuangusha. Kutoka hapo hadi C1 ni kama saa 200. Ukitenga saa moja na nusu kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 12 zitakupa saa 108. Hizo ni nusu ya safari. Kusafisha andiko hilo zinatosha kabisa. Kuwa bingwa wa ung'eng'e hazitoshi, na atakayekuahidi hivyo anataka ada yako.

Filamu zitakusaidia sikio. Watalii watakuondolea woga, lakini mazungumzo ya mtalii pale Caravan Serai ni yale yale kila siku: unatoka wapi, umefika lini, Kaole ni mbali? Ukiyarudia mwezi mzima utakuwa hodari wa hayo tu. Kamusi usiimeze. Tatizo lako halimo katika uhaba wa maneno, na sentensi uliyonitumia inaonyesha vizuri lilipo:

"Seaweed farming it is an activity which many women in Mlingotini are depending on it, although they are facing many challenges but they have no other source of income."

Sasa isome kwa Kiswahili: "Kilimo cha mwani ni shughuli ambayo wanawake wengi wa Mlingotini wanaitegemea, ingawa wanakabiliwa na changamoto nyingi lakini hawana chanzo kingine cha mapato." Sentensi safi, na hata mzee wa baraza asingeikosoa. Hapo ndipo penye ugonjwa: umeandika Kiswahili kizuri kwa maneno ya Kiingereza. Mwalimu wa sekondari alikurekebisha makosa ya mtu asiyejua. Sasa umebaki na makosa ya mtu anayejua lugha yake vizuri mno, na hayo hayaondoki kwa kusoma sarufi upya toka ukurasa wa kwanza. Yanaondoka kwa kuyakamata moja moja na kujua neno gani la Kiswahili limeyazaa.

Tuyakamate basi. "Farming it is": Kiswahili hutaja mtenda kisha kikamrudia ndani ya kitenzi, wanawake wanalima, mwani unakufa. Ukizoea hivyo, mkono unaandika "the women they farm". Kiingereza kinamtaja mara moja tu. "Which... depending on it": hiyo "it" ni ile -i- ya "wanaitegemea". Kwa Kiingereza "which" imeshabeba kazi hiyo, kwa hiyo "it" inafutwa. Ndugu yake ni "the village which I will collect data in it", yaani kijiji ambacho nitakusanya data ndani yake. Andika "the village where I will collect data", yaishe.

"Are depending" imetoka kwenye -na-. Wanategemea inaweza kuwa sasa hivi, inaweza kuwa siku zote, na Kiswahili hakijali. Kiingereza kinajali sana. Hapa mtu wa pwani ana bahati, kwa kuwa -hu- bado iko hai midomoni mwetu. Kabla ya kuandika kitenzi, jaribu kukisema kwa hu-. Kina mama huvuna mwani wakati wa bamvua. Umeweza? Basi ni "women harvest seaweed at spring tides", bila -ing. (Hiyo "spring" ya bamvua haihusiani na majira ya machipuko, usije ukaandika kwamba mwani huvunwa mwezi wa nne.) Ikikataa hu- na kudai "sasa hivi", ndipo -ing inapokuja. Vipo vitenzi vinavyoikataa -ing karibu wakati wote, vya hali badala ya tendo: know, need, own, belong, consist, depend.

"Although... but": kwa Kiswahili ingawa na lakini hutembea pamoja bila ugomvi. Kiingereza kinataka kimoja. Ila hapa lipo jambo zito kuliko sarufi. Futa "but", kisha usome upya: "Ingawa wanakabiliwa na changamoto, hawana chanzo kingine cha mapato." Ina mantiki gani? Hakuna ukinzani kati ya kuwa na shida na kukosa njia nyingine. Ulichotaka kusema ni kwamba wanaendelea kulima, ingawa kuna shida, kwa sababu hawana njia nyingine. Kosa la lugha lilikuwa limefunika kosa la hoja. Na "challenges" ni zipi? Neno changamoto limechoka, linasemwa kila warsha. Wewe wajua kwamba aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, hufa maji yakipata joto. Liseme hilo:

"Many women in Mlingotini depend on seaweed farming because they have few other sources of income, even though the species that fetches the better price often dies in warm water."

Maneno yanakaribiana kwa idadi na yale ya mwanzo, ila sasa kila moja lina kazi.

Zile sita zilizobaki zifanyie hivi hivi, leo kabla hujalala. Andika sentensi kama ilivyo, itafsiri neno kwa neno kwa Kiswahili, halafu tazama ni wapi Kiswahili kinasikika vizuri kuliko Kiingereza. Hapo pachore duara.

Kundi litakalokusumbua kuliko yote ni "a" na "the", kwa kuwa Kiswahili hakina vitu hivyo kabisa, wala huwezi kusikia vinapokosekana. Usijaribu kukariri kanuni zote. Shika moja kwanza: nomino ya Kiingereza inayohesabika, ikiwa umoja, haitoki nje uchi. Lazima ivae kitu, iwe a, the, this, her, each, one, chochote. "Researcher will conduct interview" ina watu wawili waliotoka bila kanga. Ni "the researcher will conduct interviews", ambapo mmoja amevishwa na mwingine amegeuzwa wingi. Kanuni hiyo peke yake itakuondolea sehemu kubwa ya alama nyekundu.

Kisha ziandike ukutani zile zisizohesabika, maana wanafunzi wetu huzitia "s" mpaka wanapohitimu: research, information, evidence, equipment, advice, knowledge, furniture. Hakuna "researches" kwa maana ya tafiti, andika "studies". Hakuna "evidences" wala "equipments". Tatu ndiyo inakuja "the", na swali lake ni moja: je, msomaji anajua ni ipi, au ni zipi? "Women" ni wanawake kwa jumla. "The women in this group" ni wale wa kikundi hicho. Kwa sababu hiyo "most of women" haipo. Unasema "most women" au "most of the women", kutegemea kama unazungumzia wanawake kwa jumla au hao uliokwisha kuwataja.

Namna ya kulizoeza: chapisha ukurasa mmoja tu wa rasimu, zungushia duara kila nomino kwa kalamu, ipitishe kila moja kwenye maswali hayo matatu kwa mpangilio. Inahesabika? Iko umoja au wingi? Msomaji anaijua? Ukurasa mmoja utakula dakika 20 au zaidi mwanzoni. Usifanye kurasa tano kwa siku moja; jicho likichoka linaanza kukubali kila kitu.

Viambatani vya vitenzi, yaani maneno kama about, on na of, nitavipita haraka. "Discuss about" imetoka kwenye jadili kuhusu, "emphasize on" kwenye sisitiza juu ya. Vyote viwili havitaki kitu katikati: discuss the results, emphasize the need. "Despite of" haipo. "Comprise of" iache. "Enable" lazima imtaje anayewezeshwa: siyo "this will enable to increase income", bali "this will enable women to increase their income". Na "lack" ina sura mbili zinazowachanganya hata waliosoma sana: kitenzi hakitaki "of" (women lack capital), nomino inaitaka (lack of capital).

Nyakati pia. Kiswahili hakigombi ukisema "nimefika jana". Kiingereza kinagomba: ukishataja tarehe iliyopita, "have" inaondoka. "The price has fallen in 2021" ni kosa, "the price fell in 2021" ni sawa. Utafiti mmoja wenye mwaka wake uandike kwa wakati uliopita. Lundo la tafiti kwa pamoja lichukue have: "several studies have examined". Sehemu ya mbinu za utafiti kwenye andiko iwe "will". Utakapogeuza andiko kuwa ripoti baada ya kukusanya data, kila "will" ya mbinu inageuka wakati uliopita. Fungua kitafutio cha programu ya kuandikia, tafuta neno "will", pitia moja moja. Kusahau hilo ndiko kunakofanya ripoti ionekane kama utafiti haujafanyika.

Sasa maneno. Nimesema usimeze kamusi, lakini kuna orodha inayostahili muda wako. Averil Coxhead alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno yanayorudiarudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote, baada ya kuondoa yale 2,000 ya kawaida kabisa. Inapatikana bure mtandaoni kwa jina la Academic Word List. Ipitie kwa penseli. Mengi unayajua ukiyasoma. Weka alama kwa yale usiyoweza kuyatumia ukiandika. Hayo ndiyo yako. Chukua matano kwa siku, yasizidi.

Lakini usijifunze neno likiwa peke yake. Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili: amekariri kwamba "piga" ni kutwanga kwa mkono, kisha anakutana na piga pasi, piga simu, piga kura, piga hodi, piga picha. Neno la maana halikuwa piga. Ni lile lililokaa nalo. Wewe uko katika hali ya mgeni huyo kwenye Kiingereza. Utafiti kwa Kiingereza haufanywi kwa "make": ni conduct a study, carry out a survey, do research. Hitimisho ni draw a conclusion au reach a conclusion. Mvua kubwa ni heavy rain, upepo mkali ni strong wind. Mvua haikuwa "big" wala upepo haukuwa "sharp". Kila kadi yako iwe na neno, jirani wa kushoto, jirani wa kulia, na sentensi moja inayohusu mwani. Mfano "evidence": kushoto strong, limited, provide; kulia of, that; halitii "s"; "there is limited evidence that off-bottom farming harms seagrass". (Sentensi ya mazoezi tu, usiinukuu.) Majirani utawapata kwenye SkELL, tovuti ya bure isiyodai kujisajili. Andika neno, inakuletea sentensi halisi na orodha ya yanayokaa nalo. Haili bando sana.

Angalizo kuhusu "significant": katika fani yako neno hilo lina maana ya kitakwimu. Ukiandika "a significant number of women" huku hujafanya jaribio lolote la takwimu, msimamizi atakuuliza p, yaani namba inayotokana na jaribio hilo, ni ngapi. Andika "many", au bora zaidi, andika idadi yenyewe.

Zoezi nitakalokusisitizia kuliko yote ni tafsiri ya kwenda na kurudi. Chagua aya moja ya maneno 80 hadi 120 kutoka makala iliyochapishwa ya fani yako, iliyoandikwa vizuri. Jioni, isome mpaka uielewe, uitafsiri kwa Kiswahili kwenye daftari. Funga. Kesho yake asubuhi, bila kuangalia asili, rudisha Kiswahili chako kuwa Kiingereza. Kisha weka vyote viwili mezani na kalamu nyekundu. Kwa vile mawazo umepewa, akili yote inabaki kwenye lugha, na pengo kati ya aya yako na ya mwandishi ni picha ya mahali ambapo Kiswahili kinakuandikia bila ruhusa. Utakuta tofauti za aina tatu: uliyokosea, uliyosema tofauti lakini sawa, na mara chache, uliyosema vizuri kuliko yeye. Andika zile za kwanza tu.

Zoezi hili huharibika kwa njia tatu. Aya ndefu mno: unachoka katikati na kubahatisha. Kufanya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: unakumbuka, hutafsiri. La tatu hawaligundui wengi: kutafsiri kwa Kiswahili kibovu. Ukiandika "inapendekezwa na matokeo haya kwamba", muundo wa Kiingereza umebaki ndani, na kesho utaurudisha bila kujifunza chochote. Andika kama ungemweleza mama yako: "matokeo haya yanaonyesha huenda". Kiswahili kikiwa fasaha, mtihani unakuwa wa kweli. Mara tatu kwa wiki zinatosha.

Makosa yote yaende kwenye daftari moja, lenye mistari mitatu kwa kila kosa: nilivyoandika, inavyotakiwa, na Kiswahili kilichonidanganya. Baada ya wiki tatu hesabu. Utashangaa kwamba makosa yako si mia, ni aina tano au sita zinazorudi zikiwa zimebadili nguo. Chukua tatu zinazoongoza. Kuanzia hapo, kila rasimu isome mara tatu, kila mara ukiwinda aina moja tu. Anayesaka vyote kwa pamoja hukamata vichache. Na unapowinda sarufi, anza na sentensi ya mwisho urudi nyuma hadi ya kwanza, la sivyo hoja itakubeba usione maneno.

Turudi kwenye andiko. Nina hakika, bila kuliona, kwamba linaanza na kilimo kuwa uti wa mgongo wa taifa, au "since time immemorial". Futa. Mtaalamu wa isimu John Swales alionyesha, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1990, kwamba utangulizi wa makala za utafiti kwa kawaida una hatua tatu: mwandishi anaonyesha shamba, kisha anaonyesha kipande ambacho hakijalimwa, kisha anasema yeye atalima hapo. Lako: kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kikaenea pwani ya bara, wengi wa wakulima ni wanawake. Hiyo ni hatua ya kwanza, na yatosha sentensi nne au tano zenye marejeo. Hatua ya pili huanza na "however": kipi hakijulikani kuhusu wanawake wa Mlingotini? Hapa wanafunzi hujitia kitanzi kwa "no study has ever been done". Akipatikana mmoja tu, umeumbuka. Andika "few studies have examined" baada ya kutafuta kweli. Ya tatu: "this study will examine", na jambo lenyewe.

Uzito wa madai nao una ngazi. Juu kabisa prove, kisha demonstrate, show, indicate, suggest, na chini may. Mahojiano na wanawake 60 wa kijiji kimoja hayawezi ku-"prove" chochote, yana-"suggest". Mswahili anajua mambo haya, ndiyo maana tuna huenda, yaelekea na yasemekana. Tatizo ni kwamba shuleni tulifundishwa Kiingereza cha mdahalo, ambapo anayesitasita anapigiwa makofi ya kushuka.

Na kwa jina la Mungu, acha "According to X (2015) argues that". Sentensi hiyo ina vichwa viwili. Ama "According to X (2015), prices fell", ama "X (2015) argues that prices fell". Chagua kichwa kimoja.

Hukuuliza kuhusu kusema, lakini andiko litatetewa mbele ya jopo, kwa hiyo nitaligusa. Lafudhi ya Kimarekani haihitajiki. Kinachowapoteza wasikilizaji ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima, nasi twaubeba mkazo huo mpaka kwenye Kiingereza. Maneno yanayoishia -tion na -ic yanakubali: popuLAtion, ecoNOmic. Hayo ni ya bure. Lakini yanayoishia -logy, -graphy, -nomy na -ity yanarudi nyuma silabi moja zaidi: methoDOlogy, phoTOgraphy, eCOnomy, comMUnity. Vivyo hivyo aNAlysis na hyPOthesis, ambayo nusu ya wanaopresenti huyatamka vibaya tangu slaidi ya kwanza. Andika maneno 15 ya utetezi wako, chora mstari chini ya silabi yenye mkazo, yaseme kwa sauti kila asubuhi.

Irabu zetu ni tano, za Kiingereza cha Uingereza ni kama ishirini, na huwezi kuzirekebisha zote. Rekebisha zile zitakazoleta mkanganyiko kwenye mada yako: farm na firm. Shamba la mwani na kampuni inayonunua mwani visisikike kitu kimoja. Upande wa th, kama ulikaa madrasa, una mtaji tayari: "th" ya thelathini ndiyo ya think, "dh" ya dhahabu ndiyo ya this. Wengi huko bara hulipia kozi ili kuzipata sauti hizo.

Kwa sikio, chukua dakika moja tu ya mhadhara wenye maandishi yake, kama ile ya MIT OpenCourseWare, ya bure. Sikiliza mara mbili, andika ulichosikia, linganisha na maandishi, kisha ucheze tena ukisema pamoja na msemaji, nyuma yake kidogo, kama mwitikiaji wa kaswida. Dakika moja iliyofanyiwa hivyo ni bora kuliko filamu nzima ukiwa umejilaza.

Programu za kompyuta zinazosahihisha lugha zitumie baada ya kuandika mwenyewe, siyo kabla, na ukiweza iambie ionyeshe kosa lilipo bila kukuandikia upya. Kila inachokamata kiingie kwenye daftari. Ukiiachia iandike, andiko litang'aa na jopo litakuuliza maana ya neno lililomo kwenye ukurasa wako wa pili. Soma pia kanuni za chuo chako kuhusu programu hizo, vyuo havifanani.

Ratiba basi. Wiki ya 1 hadi ya 3: nomino ukurasa mmoja kwa siku, maneno matano, tafsiri ya kwenda na kurudi mara tatu kwa wiki, daftari. Rasimu usianze kuiandika upya bado, itakukata maini. Wiki ya 4 hesabu makosa. Wiki ya 5 hadi ya 9 andika upya utangulizi na mapitio ya maandishi, aya mbili kwa siku ya kazi, ukiwinda makosa yako matatu. Wiki ya 10 mbinu za utafiti, kisha pumzika siku mbili bila kulisoma. Wiki ya 11 lisome lote kwa sauti, kutoka nyuma. Kukaza silabi na sikio ni dakika 15 kila siku, hata ukiwa unasubiri maji yakupwe Mlingotini.

Wiki ya 12 mwandikie msimamizi barua pepe. Usianze na salamu za nyumbani, afya na familia, wala "I humbly request your good office". Kwa Kiingereza hayo yanachelewesha tu. "Dear Dr", jina la ukoo, koma. Sentensi moja kusema unamtumia rasimu mpya. Sentensi ya pili iombe jambo dogo mno asiloweza kulikataa: "Could you mark three sentences on page 2 that still need work?" Siyo "check my English", kwa kuwa hilo ndilo lililokuletea neno moja mara saba. Akikuwekea alama tatu, andika tarehe na uziingize kwenye daftari.

Hiyo barua uisome kwa sauti kabla ya kuituma, na uangalie kama kuna nomino iliyotoka bila kanga.